Linda kura yako kabla ya kupanga foleni: mwongozo kamili kwa mpiga kura wa Uganda

Asubuhi ya tarehe 14 Januari 2021, kabla jua halijachomoza, mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa, alikuwa wa tatu kwenye foleni ya kituo chetu hapa Busia, mpakani na Kenya. Alikuwa ameacha beseni lake kwa jirani, amefunga leso safi kichwani. Zamu yake ilipofika, karani alipitisha kidole kwenye orodha, akarudia, akageuza ukurasa, kisha akatikisa kichwa. Jina halikuwepo. Baadaye tuligundua kwamba mwaka mmoja nyuma, daftari la wapiga kura lilipobandikwa kwenye parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), mtu alimripoti kuwa amehamia Kenya. Hakuna aliyepinga, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kama kuna kitu cha kupingwa. Alisimama pale kidogo, akachukua njia ya sokoni. Siku ile nilikuwa wakala wa mgombea kituoni, na sikuwa na lolote la kumsaidia, maana dirisha la kumsaidia lilikuwa limefungwa miezi kumi iliyopita.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja: kura ya Mganda hupotea mahali pawili, kwenye daftari na kwenye hesabu. Si wazo langu peke yangu. Mwaka 2006, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya uchaguzi wa urais ya Kizza Besigye dhidi ya Tume ya Uchaguzi na Yoweri Museveni, majaji waliona kwamba sheria ilikiukwa katika maeneo hayo hayo: wapiga kura walinyimwa haki kwa majina yao kufutwa kwenye daftari au kukatazwa kupiga kura, na kulikuwa na kasoro katika kuhesabu na kujumlisha. Hata hivyo, kwa kura nne dhidi ya tatu, matokeo yalibaki kama yalivyotangazwa. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, kutoka daftari hadi fomu ya matokeo, na kila hatua ina wakati wake.

Haki yenyewe imeandikwa wapi

Usiende ofisi yoyote ukiwa mikono mitupu. Katiba ya mwaka 1995, Ibara ya 59, inasema kila raia mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kupiga kura, na ni wajibu wake kujiandikisha. Ibara hiyo hiyo inaibebesha serikali wajibu wa kuchukua kila hatua inayohitajika ili raia wenye sifa wajiandikishe na wapige kura. Nakili ibara hiyo kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho chako. Nimewahi kuona karani akibadilisha sauti yake pale tu kijana aliposema kwa upole, "Ibara ya 59, afande, naomba tuisome pamoja."

Ibara ya 68 utaihitaji siku ya kuhesabu. Tutaifikia.

Hatua ya kwanza: ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa

Daftari la wapiga kura linategemea rejesta ya vitambulisho vya taifa inayosimamiwa na NIRA, mamlaka ya utambulisho na usajili ya taifa. Maana yake, asiyekuwa kwenye rejesta ya NIRA hawezi kuingia kwenye daftari la Tume. Kwa hiyo kazi ya kulinda kura inaanzia kwenye ofisi ya NIRA ya wilaya, wala si kwenye kampeni.

Kitambulisho cha mara ya kwanza ni bure. Uandikishaji wa mpigakura pia ni bure. Ukiombwa "hela ya soda" ili jina lako lipite, uliza jina la afisa, andika tarehe na saa, nenda kwa mkuu wake. Kijana wa miaka 16 anaweza kupata kitambulisho hata kama hajafikia umri wa kupiga kura, na hapo ndipo wazazi wengi tunakosea: tunasubiri uchaguzi ukaribie, halafu tunajazana kwenye foleni moja na watu wa parishi nzima. Mtoto aliye kidato cha nne leo apelekwe likizo hii.

Angalia herufi kwa herufi. Huku kwetu jina moja linaandikwa Wandera kwenye cheti cha ubatizo, Wandela kwenye cheti cha shule, na kitu kingine kabisa kwenye kitambulisho. Kituoni utatafutwa kwa jina lililo kwenye rejesta, na orodha huanza na jina la ukoo. Kosa la herufi moja ya mwanzo linakupeleka meza nyingine.

Sisi wa mpakani tuna mzigo wa ziada. Basamia wapo pande zote mbili za mto, dada ameolewa ng'ambo, shule ilikuwa karibu upande ule, na lafudhi inafanana. Basi unaambiwa, "Wewe ni Mkenya." Usijibizane kwa hasira. Ibara ya 10 ya Katiba inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake mmoja au babu au bibi yake mmoja anatoka katika jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa kwenye Jedwali la Tatu. Pia inamtambua mtu ambaye mzazi, babu au bibi yake mmoja alikuwa raia wa kuzaliwa, hata kama yeye alizaliwa nje. Kwa hiyo beba: kitambulisho cha mzazi au NIN (namba ya utambulisho wa taifa) yake, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, na ikiwezekana mzee wa ukoo anayeweza kueleza kaburi la babu liko wapi. Mzee huyo ana thamani kuliko karatasi tatu.

Hatua ya pili: daftari linapobandikwa

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi hutangaza kipindi kisichopungua siku 21 ambapo nakala ya daftari la kila parishi hubandikwa hadharani ili watu wakague. Baada ya hapo huwa kuna siku nyingine, zisizopungua sita, ambapo hubandikwa orodha ya majina yaliyopendekezwa kufutwa au kuongezwa. Kwa uchaguzi wa 2021 daftari lilibandikwa Februari na Machi 2020. Wakati huo hakuna bendera, hakuna muziki, hakuna mgombea anayegawa fulana. Ukuta wa shule umejaa karatasi na watu wanapita wakielekea shambani. Yule mama wa mukene alipotea katika siku hizo sita.

Fanya hivi. Siku ya kwanza ya kubandikwa, nenda mwenyewe. Tafuta jina lako, kisha angalia vitu vinne: tahajia, picha, tarehe ya kuzaliwa, na jina la kituo. Kituo chenye watu wengi hugawanywa kwa herufi za majina ya ukoo, kwa mfano A hadi M na N hadi Z, na mgawanyo huo unaweza kubadilika kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Vituo vilikuwa 34,684 mwaka 2021. Mwaka 2026 vilizidi 50,000. Mtu aliyepiga kura chini ya mwembe ule ule kwa miaka 15 asidhani mwembe bado ni wake. Unaweza pia kukagua kwenye tovuti ya Tume, lakini ukuta wa parishi ndio unaokuonyesha jirani yako naye yupo au hayupo.

Rudi tena katika zile siku za mwisho, usome orodha ya wanaopendekezwa kufutwa. Watu hawarudi, kwa sababu wameshaona jina lao mara ya kwanza na wameridhika. Kila jina kwenye orodha hiyo lina sababu: marehemu, amehama, si raia, hajafika miaka 18. Ukimwona jirani aliye hai ameandikwa marehemu, usicheke wala usisubiri, kamwite. Pingamizi husikilizwa na jopo la parishi, na anayepinga huandika kupitia uongozi wa parishi. Aliyeandikwa amekufa akifika akiwa hai na kitambulisho mkononi, kesi imekwisha. Asipofika, hakuna atakayemfufua siku ya kura.

Kazi hii inafaa kugawanywa. Katika kijiji chetu tulijipanga watu watano, kila mmoja akachukua kaya zilizo karibu naye, akaandika kwenye daftari la shule la kurasa 48 majina ya wote waliofikia miaka 18. Kisha tukaenda ukutani na madaftari yetu, tukalinganisha. Ilituchukua Jumamosi mbili. Tulikuta wazee ambao hawajawahi kuonekana kwenye orodha yoyote, tukakuta pia marehemu watatu bado wanasubiriwa kupiga kura. Hao nao tuliwaripoti, kwa ushahidi wa familia zao. Ukitaka jina lako lililo halali liheshimiwe, kubali pia jina lisilo halali liondoke, hata kama familia hiyo ni ya chama chako.

Ukigoma kuridhika na uamuzi, lalamika kwa Tume kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ibara ya 64 inakupa njia ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu. Bila muhuri ule hutakuwa na cha kumwonyesha jaji.

Kuhamisha kituo

Umehamia Kampala au Mbale kikazi? Kuhama kwa kituo hufanyika tu wakati Tume inaposasisha daftari, na ni lazima uende mwenyewe kwenye parishi unayohamia. Kipindi kikipita, utapanda basi hadi ulikoandikishwa. Usijiandikishe mara mbili. Hilo ni kosa la jinai na linaweza kukuondoa pande zote.

Hatua ya tatu: siku yenyewe

Kura hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Aliyekwisha kuingia kwenye foleni saa kumi ikigonga ana haki ya kupiga kura. Usiondoke eti kwa sababu mtu amepaza sauti kwamba muda umekwisha.

Wanaofika mapema wana kazi moja ya ziada. Msimamizi wa kituo hatakiwi kuanza mpaka wawepo angalau wapiga kura watano wa kituo hicho, na mbele yao anapaswa kufungua sanduku, kuligeuza juu chini na kuwaonyesha kwamba ni tupu kabla ya kulifunga. Iwe wewe ni mmoja wa hao watano. Angalia ndani. Andika namba ya lakiri.

Mashine za alama za vidole zimeleta faida na taabu. Mwaka 2016 vifaa vilichelewa mno katika vituo vingi vya Kampala na Wakiso, na watu walikaa juani hadi alasiri. Tarehe 15 Januari 2026 mashine ziligoma sehemu nyingi, Tume ikaelekeza daftari la karatasi litumike. Kumbuka hilo: mashine ni chombo cha kukuthibitisha, haki yako iko kwenye daftari. Sheria inasema mtu asiye na kadi lakini anayeweza kuthibitisha kwamba jina na picha yake vimo kwenye daftari apewe karatasi ya kura. Ukikataliwa, mwombe msimamizi aandike sababu, na wakala wa mgombea yeyote aliyepo ashuhudie.

Mwenye ulemavu, asiyeona, au asiyejua kusoma anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini. Msaidizi huyo asiwe msimamizi wa kituo, karani, wakala wala mwangalizi. Pangeni mapema nani ataongozana na bibi. Akifika peke yake, wenye haraka watajitolea kumsaidia, na si wote wana nia njema.

Kuhusu sabuni, chumvi na noti ya elfu tano ya usiku wa kuamkia kura: kutoa ni kosa, kupokea ni kosa. Ushahidi wa hongo umewahi kuvua wabunge viti mahakamani. Ukiona, andika nani, wapi, saa ngapi, mbele ya nani.

Hatua ya nne: fomu ya matokeo

Hapa ndipo ninapotaka vijana wenye nguvu na wenye hesabu nzuri. Ibara ya 68 inasema kura zihesabiwe pale pale kituoni mara tu baada ya kufungwa, mgombea au wakala wake akiwepo muda wote, na msimamizi pamoja na mawakala wasaini tamko la matokeo, kila mmoja abaki na nakala, na matokeo yatangazwe kituoni kabla ya kupelekwa wilayani. Tamko hilo kila mtu analiita fomu ya DR, kifupi cha Kiingereza cha "Declaration of Results". Ni karatasi nyepesi, rangi yake inafifia, lakini mahakamani ina uzito kuliko mkutano wa watu elfu kumi.

Kila mgombea anaruhusiwa mawakala wasiozidi wawili kwa kituo. Mchague anayetoka kijiji hicho, anayejua sura za watu, asiyekunywa siku hiyo. Mlipe chakula na maji kabla, kwa sababu wakala mwenye njaa huondoka saa nane, na saa nane ndipo mambo huharibika. Mpe tochi, kalamu mbili, daftari, na simu iliyochajiwa.

Nilivyojifunza mimi ni hivi. Jua limezama, karani anainua karatasi moja moja, anataja jina, na wakala anachora mistari mitano mitano kwenye daftari lake. Usimtegemee mwenzako, chora mwenyewe. Karatasi yenye utata iangaliwe na wote kabla ya kuwekwa kwenye fungu. Mwishoni linganisha: kura halali za wagombea wote, ukijumlisha zilizoharibika, ziwe sawa na idadi ya karatasi zilizotoka sandukuni, na idadi hiyo isizidi waliotiwa alama kwenye daftari. Soma namba, kisha soma maneno. Nimeona fomu ambayo namba ilisema 217 na maneno yakasema mia moja na saba. Tuliirekebisha kwa tochi ya simu, kila wakala akasaini pembeni ya marekebisho. Tungeiacha, ingekuwa ugomvi wa wiki tatu.

Kamwe usisaini fomu tupu, hata ukiambiwa ni kuokoa muda. Ukikataa kusaini, andika sababu. Usiondoke bila nakala yako.

Na usitegemee WhatsApp kuzipeleka. Intaneti ilizimwa nchi nzima tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya kura, ikazimwa tena Januari 2026. Panga tangu mwanzo: wakala anasoma matokeo kwa simu ya kawaida au ujumbe mfupi kwa mtu mmoja wa gombolola (eneo la utawala lililo juu ya parishi), na mtu wa boda boda anayeaminika anakusanya nakala za karatasi usiku huo huo. Zitiwe kwenye mfuko wa plastiki, maana Januari kwetu inaweza kukushangaza kwa mvua.

Je, mpiga kura wa kawaida abaki kuangalia? Mabishano kuhusu kukaa mita 20 kutoka kituoni yalikuwa makali kuelekea 2026. Msimamo wangu ni huu: mwenye haki isiyobishaniwa ni mgombea na wakala wake, kwa hiyo nguvu yote iwekwe hapo. Kituo chenye mawakala wawili wasiotikisika kimelindwa kuliko chenye umati unaoweza kutawanywa kwa gesi ndani ya dakika moja.

Baada ya kutangazwa: saa inakimbia

Kwa ubunge, kama tofauti ya kura iko chini ya 50, sheria ina nafasi ya kuhesabu upya kwa msimamizi wa uchaguzi. Vinginevyo mgombea ana siku saba kuomba kwa Hakimu Mkuu. Kesi ya kupinga matokeo ya ubunge hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu matokeo yachapishwe kwenye Gazeti la serikali. Wengi hawajui kwamba si mgombea pekee anayeweza kufungua kesi hiyo: mpiga kura aliyeandikishwa kwenye jimbo anaweza, akiungwa mkono na saini za wapiga kura wasiopungua 500.

Kwa urais, ni mgombea tu anayeweza kwenda Mahakama ya Juu, ndani ya siku 15 tangu kutangazwa, na mahakama itoe uamuzi ndani ya siku 45. Kesi za 2001, 2006 na 2016 zote zilishindwa. Kipimo ni kizito: lazima uonyeshe kwamba kasoro ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Hapo ndipo zile fomu za DR zilizokusanywa kwa boda boda zinapohitajika, maana ni kwa fomu za vituo ndipo unaweza kuonyesha ukubwa wa kasoro.

Walioachwa nje

Kulinda haki ya waliomo hakutoshi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba wafungwa na Waganda walioko ng'ambo nao wana haki ya kuandikishwa na kupiga kura. Chaguzi mbili kuu zimepita tangu hapo, na dada zetu walioko Dubai na London bado hawana sanduku. Wanaopigania hili wanahitaji mambo ya kawaida tu: barua kwa mbunge, swali kwenye mkutano wa hadhara, familia zinazosema wazi kwamba anayetuma ada za shule za watoto watatu hapa nyumbani ana sauti.

Halafu kuna LC1. Hapo huchaguliwa mwenyekiti yule yule anayeandika barua ya kukuthibitisha kuwa mkazi, na huchaguliwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe. Kutoka 2001 hadi 2018 uchaguzi huo haukufanyika kabisa. Kupanga mstari kunamweka mpangaji chini ya macho ya mwenye nyumba wake, na mjane chini ya macho ya mashemeji. Mimi ninaunga mkono kura ya siri hadi kijijini, na ninawaomba wanaokubali waipeleke hoja hiyo kwa mbunge wao kwa maandishi. Wakati huohuo, mkutano wa kijiji ukiitishwa, nendeni. Daftari la wakazi huandikwa pale, na mtu asiyejulikana kwa mwenyekiti wake hupata shida kuandikiwa barua ya NIRA.

Mama wa mukene alirudishwa kwenye daftari lilipobandikwa tena. Alikuja na ndagamuntu, cheti cha ubatizo na shemeji yake mzee, akakaa kwenye benchi ya parishi kutoka saa tatu hadi saa saba, akatoka na karatasi yenye muhuri ameikunja mara nne ndani ya leso.